Sikukimbia

Wewe unayesoma hapa, ukikuta kibao kimeandikwa DO NOT RUN, utafanya nini?

Usijibu haraka. Uliza kwanza kimetundikwa wapi, kimetundikwa na nani, na lugha hiyo wewe ulifundishwa vipi. Kuna mtu aliyejibu papo hapo, akajibu kwa uhakika na utani juu yake, na kabla ya chai ya saa nne shemeji yake alikuwa hana tena mkono wa kulia.

Mtu huyo walimwita Kamusi. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwa karani wa ofisini, na kwa mkewe anapokasirika.

Alifanya kazi katika nyumba kubwa ya kufulia, ile inayopokea mashuka ya hospitali na ya hoteli kwa magunia na kuyarudisha yamenyooka kama karatasi. Jengo lilikuwa refu, madirisha yake yako juu karibu na paa isipokuwa moja la chini upande wa geti, na sakafu yake ya vigae haikauki mwaka mzima. Ukiingia asubuhi mvuke unakupokea usoni, na harufu ya dawa ya kung'arisha inakukaa puani hata siku ya mapumziko. Kamusi aliingia humo akiwa kijana asiye na ndevu. Alianza kwa kubeba magunia ya nguo chafu, zenye damu na zenye matapishi, akapanda taratibu mpaka akawa mtu wa mashine ya kupiga pasi. Kupanda kwenyewe kuliishia hapo. Juu zaidi walikaa waliosoma.

Yeye alisoma kidogo, na hicho kidogo alikitafuta mwenyewe. Baada ya kazi, akiwa bado ananuka sabuni, alikuwa akienda darasa la Kiingereza katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha fundi viatu. Mwalimu wao alikuwa mtu mwembamba, mwenye suti moja, aliyefundisha vitenzi kwa mwili wake. Akifika kwenye kula, anatafuna hewa. Akifika kwenye kulala, analaza shavu juu ya meza na kukoroma. Siku ya run alikimbia kutoka ubaoni hadi mlangoni, kiatu kimoja kikamchomoka, akarudi kwa soksi iliyotoboka kidole gumba, na darasa zima likaangua kicheko. Kamusi hakulisahau neno hilo tena. Kila alipoliona, popote pale, aliona kidole gumba kinachungulia.

Mwalimu alipata kazi nzuri kwingine akaondoka kabla ya kuwaambia kwamba neno moja linaweza kuwa na maana nyingine. Darasa likafa. Kamusi akabaki na maneno aliyokuwa nayo, kila moja na maana yake moja, akayatunza kama mtu anavyotunza sahani za wageni.

Sifa yake kazini ilianza na dumu. Mama aliyewapikia chai aliokota dumu jeupe, akalisuuza, akataka kuwekea maji ya kunywa. Kamusi akaligeuza ubavu, akaona neno la sumu limebaki nusu, akamwambia, "Mama, ukituwekea maji humu, kesho utafungua milango hapa peke yako." Mama akaliacha dumu kama limemuuma. Tangu siku ile kila mwenye karatasi alimletea Kamusi: maelezo ya dawa, ripoti ya mtoto shuleni, ujumbe wa simu. Alisoma zote. Asilolijua alilikisia, na mara nyingi alikisia sawasawa, na hapo ndipo alipozoea vibaya.

Shemeji ni mdogo wa mkewe. Kamusi ndiye aliyemwombea kazi, na kwa kuwa siku ya kwanza alimtambulisha kwa kusema huyu ni shemeji yangu, nyumba nzima ya kufulia ikamfanya shemeji yake. Hata meneja alimwita hivyo. Alikuwa kijana mwepesi, miguu yake haikujua kutembea. Akitumwa sabuni, ameshaileta. Akiitwa upande wa pili, unamwona anateleza juu ya vigae vilivyolowa kama mtoto anayecheza, na kina mama wa chumba cha kukunja wanamwambia siku moja utatuangukia, utuletee kesi.

Aliyeanguka alikuwa mmoja wa hao kina mama. Aliteleza akavunjika nyonga. Meneja aliwakusanya wote akawafokea juu ya mbio kazini, kisha zikabandikwa picha kila nguzo: mtu miguu juu, mstari mwekundu umempita kifuani. Juma zima hapakuwa na wimbo mwingine. Usikimbie, usikimbie. Shemeji aligeuzwa mfano wa kila onyo.

Sasa sikia kuhusu Pipa. Hilo ndilo jina walilolipa mashine ya kukamulia, kwa sababu ni pipa hasa, la chuma, linalozunguka ndani ya ganda lake kwa kasi mpaka mashuka yanabaki na unyevu tu. Mfuniko wake mzito una komeo la ndani lisiloachia mpaka Pipa litulie kabisa. Wafanyakazi walilijua hilo kama wanavyojua milango ya nyumba zao: mfuniko ukikubali kufunguka, Pipa limesimama, ingiza mkono.

Jioni moja fundi mitambo aligundua kwamba komeo limekufa. Mfuniko ulifunguka hata Pipa likiwa linazunguka. Swichi kubwa ya ukutani hakuizima, kwa kuwa ililisha na mashine nyingine. Alichukua kipande cha plastiki cha njano, akaandika kwa kalamu nene DO NOT RUN, akakifunga kwa waya kwenye mpini wa mfuniko, akaenda zake kutafuta kipuri.

Fundi huyu alitukana kwa Kiswahili. Alibembeleza wanawe kwenye simu kwa Kiswahili. Neno usiwashe lilikuwa kinywani mwake kutwa: usiwashe hiyo, nimesema usiwashe. Lakini aliposhika kalamu ili kuokoa maisha ya watu, mkono wake ukaenda kwenye lugha aliyofanyia mtihani. Nani alimwambia kwamba hatari ikiandikwa kwa lugha ya mama inapungua heshima? Chuo kilimwambia. Kampuni ilimwambia. Na hakuna aliyemwambia vinginevyo, kwa sababu wa kumwambia walikuwa chini, wanabeba magunia.

Asubuhi Shemeji, ambaye zamu yake ilikuwa Pipani, alilikuta Pipa limetulia, kibao kinaning'inia. Akaita juu ya kelele za mashine, "Shemeji, njoo unisomee. Wameniandikia nini tena huku?"

Kamusi alikuja akijifuta mikono. Akatazama. Kidole gumba kikamchungulia kutoka kwenye soksi.

"Usikimbie," akasema. "Sasa wamekufuata mpaka mahali pako pa kazi. Kesho watakutundikia shingoni."

Kina mama walicheka. Shemeji naye, asiyekosa neno, akaomba wampigie vigelegele, akachukua kapu la mashuka yanayofuka mvuke, akatembea hatua za bibi harusi kutoka mashine ya kufulia hadi Pipani, shingo upande, macho chini. Mama mmoja akamwambia atulie, atachelewa hata kuzeeka. Akajaza Pipa. Akafunga mfuniko. Akabonyeza kitufe cha kijani.

Pembe ya shuka moja ilikuwa imebaki nje, inapigapiga ganda. Shemeji alibonyeza chekundu, akasubiri kidogo, akajaribu mfuniko. Ukafunguka. Kwa hiyo limesimama. Mvuke ukamjaa usoni, akaingiza mkono kutafuta pembe ile.

Shuka lilimshika kabla ya chuma. Lilijisokota juu ya kiganja, likapanda, likamvuta. Kamusi alisikia kelele moja fupi, halafu akasikia Pipa likibadilisha sauti, kama mtu aliyekutana na mfupa kwenye tonge. Walipofika kulizima kabisa, mashuka yote ndani yalikuwa na rangi moja, na mkono wa Shemeji ulikuwa humo kuanzia chini ya kiwiko.

Fundi mitambo alikuja mbio na kipuri kikiwa bado kwenye karatasi yake. Alisimama, akatazama, uso ukamwisha damu.

"Nani amewasha?" akauliza. "Si niliandika msiwashe?"

"Uliandika wapi?" Kamusi akamuuliza.

Fundi akaonyesha kibao cha njano.

Kamusi akakisogelea. Walisema baadaye kwamba alikisoma kile kibao kwa muda mrefu, midomo inacheza, kama mtu anayesoma jina lake mahali ambapo hakutarajia kulikuta.

Hospitalini walimlaza Shemeji kwenye shuka lenye alama ndogo ya uzi wa kijani pembeni. Ni alama ya nyumba yao ya kufulia. Lilipita Pipani kabla ya kufika pale, na huenda aliyelikamua ni yeye. Alipoweza kuongea, jambo la kwanza alilomwambia Kamusi halikuwa kuhusu maumivu.

"Shemeji, mimi nilitembea. Si uliniona?"

"Nilikuona."

"Basi wakikuuliza waambie."

Nyumbani, Kamusi alimwomba binti yake, aliyekuwa sekondari, amletee kamusi ile kubwa ya shule. Kamusi anaomba kamusi, binti akaona ni utani, akatabasamu. Akamwambia amtafutie run. Msichana akafungua, akaweka kidole, akaanza. Kukimbia. Baba akatikisa kichwa kwamba hilo analo. Msichana akaendelea. Kuendesha, kama mtu anaendesha biashara. Kutiririka, maji ya bomba, hata makamasi. Kugombea, mtu anataka uongozi. Kuchuja rangi, nguo ikifuliwa.

"Hata hiyo?" Kamusi akauliza. "Nguo ikichuja?"

"Hata hiyo, baba. Inaendelea ukurasa wa pili."

"Mashine ipo?"

Ilikuwepo. Kuwasha mashine, kuiacha ifanye kazi. Msichana alisoma mfano, na mfano ulikuwa na injini. Baba yake alibaki anautazama ukurasa, na yeye akadhani hajaelewa, akamweleza kwa wema wote. "Ni kama piga, baba. Tunapiga deki, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga chafya. Mgeni akijifunza kwamba piga ni kuchapa tu, si atashangaa tunavyoishi?"

Kamusi alipiga pasi miaka yote hiyo. Hakuwahi kulifikiria.

Mkewe alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele. Mikono yake ilikuwa imesimama.

"Kile kibao," akasema, "alikisoma nani?"

Binti akatazama huku na huku, akafunga kitabu.

"Mdogo wangu hajui hata herufi za lugha hiyo," mke akasema. "Alisomewa. Na ninyi mna msomaji mmoja tu pale."

"Ni mimi," Kamusi akajibu.

Mke hakulia wala hakumtukana. Aliinama kwenye ungo wake, akaanza upya punje alizokwisha kuzichambua. Baadaye sana, akimwekea chakula, alimuuliza neno moja tu: utasema? Akaondoka kabla ya kujibiwa.

Swali lile halikuwa la kusafisha roho. Kampuni ilikuwa imeshatoa kauli yake: onyo liliwekwa, mfanyakazi akalidharau kwa ukaidi. Kikao kiliitishwa kuamua kama Shemeji atabaki, apewe kiti getini afungue na kufunga kwa mkono uliobaki, au atatolewa kama mkaidi aliyejiumiza mwenyewe. Mkaidi hapati kiti getini. Mkaidi hapati kazi mahali pengine popote, maana barua yake inamtangulia. Na wa kukiri kwamba Shemeji alisomewa vibaya alikuwa mtu mmoja mwenye watoto, mashine ya pasi na jina zuri.

Msimamizi wa zamu alimfuata penye ndoo za kunawia mikono. Alimwongelesha kwa upole, mambo ya familia, mambo ya umri. Halafu akasema kwamba yeye, kwa anavyokumbuka, asubuhi ile Kamusi alikuwa mbali, kwenye pasi, sivyo? Kamusi akasema pasi haiko mbali. Msimamizi akamgusa bega, akamwambia ana siku chache za kuipima vizuri.

Kikao kilifanyika kwenye ofisi ya meneja, yenye zulia ambalo wafanyakazi walilifua lakini hawakuwahi kulikanyaga. Meneja alikuwepo, mwanasheria wa kampuni, msimamizi, na fundi mitambo aliyetazama viatu vyake mwanzo hadi mwisho. Kamusi aliitwa kama shahidi wa tabia. Kibao cha njano kilikuwa juu ya meza, kimeoshwa.

Wakamuuliza Shemeji kama alikiona. Alikiona. Kama alijua kinasema nini. Alijua. Mwanasheria akaandika hayo kwa furaha. Basi kwa nini hakutii?

Shemeji alikaa wima. Mkono wa shati ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa pini.

"Nilitii," akasema. "Sikukimbia, mabosi. Nilitembea polepole kuliko siku zote. Waulizeni wenzangu, walinicheka."

Meneja akamtazama mwanasheria, mwanasheria akauma mdomo, na ile pumzi aliyokuwa anaizuia ikamponyoka puani. Walicheka. Hawakucheka sana. Walicheka kama watu waliopata kisa cha kwenda kusimulia kwenye chakula. Shemeji aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta kosa kwenye maneno yake. Bado hakuwa anajua. Hakuna aliyemwambia, wala dada yake. Akamgeukia Kamusi.

"Shemeji, si uliniona?"

Kamusi akasimama, ingawa hakuombwa.

"Alitii," akasema. "Alitii nilichomsomea. Mimi ndiye niliyesema ni usikimbie. Kumbe ni usiwashe."

Shemeji aligeuza uso taratibu kukitazama kibao, kana kwamba sasa angeweza kukisoma.

Meneja alirudi kwenye uso wake wa kazi. Akasema kwamba hili linazidi kuonyesha uzembe. Lugha ya maandishi ya kampuni inajulikana, na mtu asiyeielewa ana wajibu wa kuuliza.

"Aliuliza, bosi," Kamusi akajibu. "Aliniuliza mimi."

"Angemuuliza fundi."

"Fundi alikuwa amekwenda. Alituachia kibao."

Fundi mitambo alifungua mdomo. Ilionekana wazi kwamba ana neno, lile lile moja, ambalo lingetosha kama angeliandika jioni ile. Akaufunga.

Uamuzi ulisomwa siku hiyo hiyo baada ya chakula. Mfanyakazi wa Pipa aliwasha mashine iliyokatazwa: anaachishwa. Mfanyakazi wa pasi alipotosha wenzake juu ya agizo la usalama: anaachishwa. Ukweli haukumletea Shemeji kiti getini. Ulimtoa tu kwenye ukaidi ukamwingiza kwenye ujinga, na kumwongezea mwenzake wa kutoka naye.

Walitembea pamoja mpaka njia panda. Walipofika Shemeji alisimama.

"Siku ile," akasema, "nilitembea kama bibi harusi."

"Nakumbuka."

"Ningekimbia, labda ningechoka kabla ya kufika."

Kamusi hakujua kama huo ni utani. Aliusubiri mkono, kwa mazoea, wa kumuaga, halafu akakumbuka.

Nyumbani mkewe alimsikiliza hadi mwisho. Alimmiminia maji ya kuoga, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya ungo. Hakumwita jina lolote.

Kesho yake asubuhi Kamusi alikwenda kurudisha gwanda na buti za mpira. Mlinzi hakumruhusu kuingia ndani. Akaambiwa asubiri nje, karibu na lile dirisha la chini, karani atatoka. Akasimama pale, buti mkononi, akitazama mvuke wa upande wa pili wa kioo. Pipa lilikuwa na komeo jipya linalong'aa, na mtu mgeni alikuwa analijaza. Fundi mitambo alikuwa ameinama kwenye mashine ya pasi, mashine yake Kamusi, kifuniko cha rola kimeondolewa. Akanyanyuka, akatoa mfukoni kipande cha njano, akakifunga kwa waya, akabeba sanduku lake la vifaa akaondoka. Maandishi yalikuwa yale yale, yalisomeka hata kutoka nje.

Mara akatokea msichana, gwanda jipya lina mikunjo ya dukani, anakimbia na kapu la mashuka kifuani. Akafika kwenye pasi. Akaona kibao. Midomo yake ikacheza. Akatazama sakafu iliyolowa, akatazama miguu yake, akatabasamu peke yake kwa aibu, na hatua chache zilizobaki akazitembea polepole, kwa adabu. Akaweka kapu chini. Akanyoosha shuka la kwanza, akapeleka mkono kwenye kitufe.

Kamusi aliita. Kioo kilikuwa kinene na mashine zilikuwa zinanguruma. Akashika buti kwa kisigino, akapiga dirisha kwa nguvu zake zote, akapiga tena, mpaka mlinzi akaja mbio kutoka getini, na kule ndani msichana akageuza kichwa.